Mpigo wa Mkono wa Kushoto

Asubuhi hiyo Mama Vioo alikuwa anakata kioo cha dirisha la choo, kazi ndogo ya kufungulia siku. Alikilaza juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, akaweka rula, akavuta kikatio mara moja bila kurudia, maana anayerudia mstari juu ya kioo anajitafutia balaa, kisha akakigonga taratibu kwa chini. Kioo kiliachia palepale alipotaka, ila ukingo uliteleza ukamchana kiganja. Aliitazama damu ikija. Akaifuta kwa pindo la blanketi. Upande wa pili wa mji, katika chumba cha mbele cha nyumba yao, wifi yake alisimamisha cherehani, akashika kiganja chake kisicho na hata mkwaruzo, akasema kwamba wifi amejikata tena. Akamwomba radhi mteja, akaenda jikoni kuutia mkono kwenye maji baridi.

Mteja, aliyekuja kuchukua sketi za shule, hakuuliza. Mtaa ulishazoea. Huyo mwenye cherehani watu walimwita Shangazi, kwa kuwa mtoto wa nyumba ile alimwita hivyo, na jina likanoga hadi wazee waliomzidi umri wakalitumia. Mama Vioo alikuwa mke wa kaka yake. Tangu mwaka aliozaliwa yule mtoto, kila kitu ambacho Mama Vioo alipaswa kukihisi, Shangazi ndiye aliyekihisi. Mawazo yalibaki kwa mwenyewe, yamepangwa vizuri. Maumivu, furaha, aibu na hofu ya panya vilimfikia Shangazi moja kwa moja, vya moto, bila maelezo.

Kukosa maelezo ndiko kulikomchosha zaidi. Angekuwa anapiga pasi kola, roho imetulia, mara huzuni ikamwangukia na hajui ni ya nini. Akilia, mshono unapinda, na mteja akiona mshono umepinda alijua dukani kwa vioo kumetokea jambo. Jioni Mama Vioo alirudi na vumbi la kioo kwenye nywele, Shangazi akampa chai, akamuuliza mchana alikuwa anawaza nini. Mama Vioo alikumbuka, akajibu kwa uaminifu: mteja mmoja alileta picha ya marehemu mama yake aitiwe fremu. Shangazi alisema ahaa, kumbe ndiyo ile. Hivyo ndivyo walivyoishi. Mmoja alileta jambo, mwingine akaleta uzito wake, wakaliunganisha mezani kabla ya chakula cha jioni.

Mwenye nyumba, kaka yake Shangazi na mume wa Mama Vioo, alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, na kwa jinsi alivyoikanyaga miaka nenda miaka rudi, mguu wake wa kulia ulikuwa na tabia ya kubonyeza sakafu kila mazungumzo yalipokwenda kasi. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu watu wake wasipate misukosuko. Habari ya hisia za mke wake kuhamia kwa dada yake aliijua, akaiweka kwenye fungu la mambo ya wanawake, pamoja na bei ya vitambaa na ugomvi wa jikoni. Mbele ya wageni alimsifu mkewe kuwa ni mtulivu, ana breki, tofauti na dada yake, ambaye machozi yake yako mlangoni yakisubiri kutoka. Shangazi alicheka na wageni. Hakuna aliyewahi kumuuliza mambo hayo yalianza vipi, naye alishukuru, kwa sababu alijua.

Aliyekuwa anaumia bila kusema ni mtoto. Alipokuwa mdogo, akipata maksi nzuri, alikimbia kutoka getini mpaka kwa mama yake, akaonyesha daftari. Mama Vioo alisoma, akampapasa kichwa, uso wake uko vilevile. Kisha mtoto aligeuza shingo kumtazama Shangazi pale kwenye cherehani, aone kama mama amefurahi. Akikuta Shangazi anatabasamu na macho yamelowa, alijua kwamba mama amefurahi sana, akaenda kucheza. Ilimchoma Shangazi kuipokea furaha ile mbele ya mwenyewe. Alijiona kama mtu anayekula sahani ya mwenzake, na mwenzake amekaa hapohapo anamtazama kwa heshima.

Sasa mtoto alikuwa darasa la mwisho, bweni, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Rafiki yake mkubwa duniani alikuwa babu yake, baba yao Shangazi na mwalimu wa udereva, aliyeishi chumba cha uani. Mzee huyo zamani alikuwa gadi wa treni, yule anayetoa ishara ndipo treni iondoke. Mzee alimwita mjukuu wake Abiria. Kabla ya kila mtihani mtoto alipiga simu, na Mzee akatia vidole viwili mdomoni akampigia mluzi, miwili mirefu na mmoja mfupi, kumaanisha njia ni nyeupe. Tangu jino lake la mbele lilipong'oka, mluzi ule ulitoka na upepo pembeni, fyuu, kama birika linaloanza kuchemka. Abiria alisema bila ule upepo treni haiwezi kuondoka.

Safari ya tiba ilianzishwa na daktari wa zahanati. Shangazi alikwenda kwa ajili ya kizunguzungu. Daktari alishika mkono wake wa kulia, akahesabu mapigo, akaridhika. Akashika wa kushoto, akakunja uso, akarudi kulia, akarudi kushoto. Kulia moyo ulitembea. Kushoto ulikuwa unakwenda mbio.

"Huu wa kulia ni wako," alisema. "Wa kushoto ni wa nani?"

"Wa wifi yangu."

Daktari aliandika. Alimweleza kwamba moyo wake unafanya zamu mbili kwa muda mrefu, na umejitahidi, lakini moyo si nyumba ya kupangisha. Huu wa pili wautafutie njia ya kurudi kwa mwenyewe. Ukiongezeka mwingine wa tatu, yeye daktari hatakuwa na dawa. Akawaandikia wote wawili waende siku za Alhamisi kwenye tiba ya muziki, jengo la nyuma, baada ya kliniki ya meno.

Chumba cha tiba kilikuwa zamani stoo ya magongo, na magongo machache yalikuwa bado yameegemea ukutani. Kulikuwa na marimba, ngoma za kila kimo, kinanda kilichokosa kibonyezo kimoja, na gitaa. Mtabibu alikuwa mtu mwembamba, asiye na haraka, aliyevua viatu mlangoni. Alisema humu ndani hakuna anayetakiwa kujieleza. Mtu anashika wazo moja, analipiga kwenye chombo anachokipenda, kisha wanatazama pamoja ni wapi mwilini limegusa. Wazo likigusa mahali, mtu anapata kujua anachokihisi, na kikishajulikana hakimsumbui gizani tena. Mama Vioo alisikiliza yote hayo huku akitazama dirisha, ambalo kioo chake kilikuwa na ufa uliobandikwa plasta. Akamtajia vipimo vyake kwa macho tu, akasema atamletea kingine.

Mwanzoni aliingia peke yake, Shangazi akamsubiri nje kwenye benchi. Mtabibu alimwambia amuwaze mtu aliyempenda. Mama Vioo alimuwaza mama yake, akapiga marimba sawasawa, pigo baada ya pigo, hakuna lililozidi lenzake. Mtabibu alimuuliza anasikia wapi. Alifikiri vizuri, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Sisikii popote," alisema. "Najua tu."

Nje, Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, analia mpaka mabega yanatikisika. Mgonjwa mmoja wa meno, shavu limevimba, alikuwa anampa maji. Mtabibu alifungua mlango, akatazama, akaingiza kiti kingine ndani.

"Hisia zako zimekaa benchi," alimwambia Mama Vioo. "Hatuwezi kuzifanyia kazi zikiwa nje."

Tangu hapo waliingia wawili. Mtabibu alieleza kwamba kwa anavyoona, mawazo ya Mama Vioo na hisia zake havijagombana, hisia zimehama nyumba tu, na waliohama nyumba huitwa kwa sauti wanayoijua. Akampa Shangazi ngoma. Mama Vioo alipiga wazo lake kwenye marimba, Shangazi akapiga chochote kilichomfikia, bila kutazamana, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Wiki za kwanza walipishana tu, kama watu wawili mlangoni, huyu anampisha yule na yule anampisha huyu. Shangazi aliona aibu. Alizoea kulia, hakuzoea kulia kwa mpangilio.

Kisha Alhamisi moja wakakutana. Pigo la marimba na pigo la ngoma yaliangukia mahali pamoja, yakakaa hapo, hakuna aliyemkimbia mwenzake. Uso wa Mama Vioo ulisogea. Chozi lilimtoka, akaligusa kwa ncha ya kidole, akalitazama kama anavyotazama mkwaruzo juu ya kioo kipya. Mtabibu aliinama akashika mkono wa kushoto wa Shangazi. Palikuwa kimya. Shangazi naye alisikia kifua chake kimekuwa na nafasi, akakumbuka kwamba hivi ndivyo alivyokuwa zamani, msichana mwepesi, mwenye kusahau mambo. Hali ile ilidumu kadiri walivyoendelea kupiga. Walipoweka fimbo chini, kila kitu kilirudi kilipokuwa, na mkono wa kushoto ukaanza tena mbio zake.

"Bado unazo?" Mama Vioo aliuliza njiani kurudi nyumbani.

"Ninazo, wifi."

Wakaendelea kwenda. Ndani ya chumba kile Mama Vioo aliogopa mara moja, akacheka mara moja, akamkumbuka binti yake kwa kifua chake mwenyewe mpaka akashindwa kushika fimbo. Alileta kioo kipya, akakifunga dirishani kwa mikono yake. Mtabibu alisema kuna jambo la mwanzo bado halijaguswa, na akamwomba sauti ya zamani kabisa anayoikumbuka, ya kabla ya mambo kuhama. Mama Vioo aliweka fimbo chini. Akaanza kuimba kwa mdomo uliofungwa, bila maneno, wimbo mfupi ambao mama yake aliuimba alipokuwa akimsuka nywele. Ulipanda kidogo, ukazunguka, ukaisha kwa kushuka.

Mikono ya Shangazi ilisimama juu ya ngoma.

Ilikuwa hivi. Mama Vioo alipokuwa na mimba ya huyo mtoto, hali ilikuwa mbaya, akaamriwa alale kitandani hadi ajifungue, na asishtushwe na jambo lolote. Katikati ya hapo mama yake, aliyeishi mbali, alifariki. Watu wa nyumba walikaa, mwalimu wa udereva akakanyaga sakafu, ikaamuliwa mgonjwa asiambiwe. Tatizo likawa simu. Mama Vioo alizoea kuongea na mama yake kila jioni, na asingeelewa kwa nini mama hapokei. Basi ile namba wakaihamishia kwenye simu nyingine, simu akapewa Shangazi, akakaa nayo chumba cha uani, akapokea. Alisema ana mafua, ndiyo maana sauti imekwaruza. Mama Vioo alimwambia yote: kwamba anaogopa kufa, kwamba mume wake ni mwema lakini hasikilizi, kwamba anatamani mkono wa mama kichwani. Shangazi alijibu kwa maneno machache asije akakosea, na maneno yalipomwishia aliimba ule wimbo, aliousikia siku mama huyo alipowatembelea. Hadi mtoto akazaliwa. Ndipo wakamwambia Mama Vioo, wakati kaburi la mama yake limeshaota majani. Aliwatazama wote, akasema, "Sawa. Asanteni kwa kunitunza." Siku hiyohiyo mkono wa kushoto wa Shangazi ukaanza kudunda.

"Wifi," Shangazi alisema pale kwenye ngoma, "mwisho wake umeushusha."

"Mama alikuwa anaupandisha," alijibu Mama Vioo. "Aliyekuwa anaushusha ni wewe."

 Shangazi alimuuliza alijua lini.

"Siku ya pili, ulipoimba. Nikajua mama hayupo. Mtu akiwa hai hamumwazimi sauti." Mama Vioo alisema hivyo kwa utaratibu, kama anayeeleza jinsi kioo kinavyofungwa. "Nilikuwa nimeambiwa nisishtuke. Nikawasikia wote mnatembea kwa vidole kwa ajili yangu. Nikaona nikilia nitawaharibia kazi, na mtoto atakufa. Basi kila jioni nikakupigia wewe, nikakupa hisia zangu kidogokidogo, ili nisishtuke. Zikaisha kwenda zote. Sikujua hazirudi."

Shangazi alilia, na kwa mara ya kwanza hakujua anamlilia nani. Alimwona mwenzake amelala peke yake na maiti ya mama yake kichwani, anaongea na simu, anamsaidia mwongo asigundulike. Mtabibu hakuuliza machozi ni ya nani. Alikwenda kwenye kinanda, akapiga ule wimbo, akaumalizia kwa kupanda. Mama Vioo alichukua marimba, Shangazi ngoma. Walipokutana, Mama Vioo alimlilia mama yake kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika nyumbani kwao wala kwenye msiba wowote, na kwenye benchi la nje watu wa meno walinyamaza.

Baada ya hapo Mama Vioo alitaka kitu kimoja. Mtu wa nyumba ile aseme lilikuwa kosa. Mtabibu alisema huenda hicho ndicho hisia zake zinachosubiri ili zirudi. Shangazi alisema yeye yuko tayari, anasema hata sasa hivi, lilikuwa kosa.

"Wewe unahisi tayari, wifi. Nataka aseme aliyeamua."

Shangazi alimfuata kaka yake akiwa anaosha gari. Alimweleza yote, hata habari ya mwisho wa wimbo. Mguu wa kaka mtu ulibonyeza changarawe.

"Mtoto alizaliwa salama, au hakuzaliwa?" aliuliza. "Mama yake alipona, au hakupona?"

"Alipona nusu, kaka. Nusu nyingine iko kwangu."

"Basi iko mikono salama," alisema, akamwagia maji gurudumu. Alimpenda dada yake na hakuwa anamkejeli. Kwake mambo yalikwisha vizuri, na lililokwisha vizuri halina kosa.

Mzee alifariki juma lile la mtihani, uani, baada ya chai, kikombe kikiwa bado mkononi na hakikumwagika. Shangazi alilia kwa mkono wa kulia na wa kushoto, maana Mama Vioo pia alimpenda mzee yule. Waombolezaji walisema mtoto wa kike ndiye mtoto, tazama anavyomlilia baba yake kama watu wawili. Mama Vioo alipanga viti, akapokea wageni, akasifiwa kwa utulivu wake.

Walipotoka kuzika, watu wa nyumba walikaa sebuleni, mwalimu wa udereva akaleta hoja. Mtihani unaanza kesho asubuhi. Mtoto amesoma miaka yote hiyo kwa ajili yake. Ni siku chache tu, amalize, aje nyumbani, aambiwe vizuri. Mashangazi wakubwa waliitikia, wajomba wakaitikia, kwamba huko ni kumhurumia.

"Mtoto aambiwe," alisema Mama Vioo.

Alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe chumvi. Mjomba mmoja alimjibu kwa upole kwamba ndiyo, mama, ataambiwa, akimaliza. Lakini katika kifua cha Shangazi hasira ilipanda, ya moto, ya miaka, mpaka akashika mikono ya kiti. Watu walimtazama, wakamwonea huruma kwa msiba, wakamletea maji. Alijua hasira ile ni ya nani na alijua ni ya nini. Safari hii hakukosa maelezo. Alikuwa navyo vyote viwili, wazo na hisia, hapo mahali pake, na alifungua mdomo.

"Dada, nisaidie," kaka yake alimwambia kwa sauti ya chini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimemzika baba leo. Siwezi kumsikia mtoto analia kwenye simu."

Shangazi alifunga mdomo. Alimpenda kaka yake, na tangu utotoni alikuwa hajui kumkatalia akiwa amelia. Hapo kaka mtu alimaliza la mwisho: mtoto atapiga jioni kwa simu ya matroni, na atataka mluzi. Nani mwingine aliufahamu mluzi wa baba tangu mdogo? Tena Shangazi, alisema bila ubaya wowote, ana uzoefu.

Simu ililia watu wakiwa wanakusanya vikombe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umejiandaa?"

Alikuwa amejiandaa. Penseli zimechongwa, namba yake ameipata, atakaa dirishani. Aliuliza mama yuko? Mama Vioo aliyekaa jirani alinyoosha mkono aipokee simu. Mume wake aliuchukua mkono huo, akauweka katikati ya viganja vyake viwili, akaushikilia hapo kwa upendo.

"Mama ana wageni," alisema Shangazi. "Anakusalimu."

"Na Babu? Treni inamsubiri."

"Babu amejilaza, koo linamsumbua. Hataki kuongea. Ila mluzi atakupigia."

Akageukia ukutani. Akatia vidole viwili mdomoni kama baba yake alivyomfundisha kandokando ya reli alipokuwa na meno ya utoto, akapiga miwili mirefu na mmoja mfupi. Mluzi ulitoka safi, bila upepo wowote pembeni. Maishani mwake hakuwahi kuupiga vizuri namna ile. Wajomba walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mama Vioo peke yake alifumba macho.

 Kwenye simu walisikika wasichana wengine kwenye foleni, mmoja anacheka, matroni anawahimiza. Kisha mtoto alisema, kwa sauti iliyonyooka, ya adabu, "Asante, Babu. Treni imeondoka." Akakata.

"Mmeona?" alisema mwalimu wa udereva, akashusha pumzi. "Wala hakushtuka."

Shangazi aliweka simu mezani. Aligusa mkono wa kulia, akakuta wake. Akagusa wa kushoto, akakuta wa wifi yake. Halafu chini ya taya, upande wa shingo, kitu kidogo kilianza kudunda, chepesi, cha haraka, kama mgeni anayebisha hodi huku keshaingia. Hakushangaa. Alikaa chini taratibu, akakipisha.

Alhamisi iliyofuata alimwomba Mtabibu ngoma nyingine. Mtabibu aliuliza ya nani.

"Ya mtoto."

Mtabibu aliweka vidole viwili chini ya taya yake, akasikiliza kwa muda mrefu. Aliyajua maneno ya daktari, alikuwa ameyasoma. Akaenda nyuma ya magongo kutafuta ngoma ndogo kuliko zote, na Mama Vioo akasogeza kiti cha tatu karibu na dirisha, akakipangusa vumbi.

Shule ilipofungwa, mwalimu wa udereva alikwenda mwenyewe kumchukua binti yake. Walimweleza sebuleni, wote wakiwapo, kwa maneno mazuri yaliyotayarishwa. Babu alikwenda kwa amani. Walimsubiri amalize. Walifanya hivyo kwa kumpenda.

Mtoto aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Sare ilikuwa imeanza kumbana mabegani.

"Sawa," alisema. "Asanteni kwa kunitunza."

Baba yake alimkumbatia, akawaambia wajomba juu ya kichwa chake kwamba huyu ametulia kama mama yake. Mguu wake haukukanyaga kitu. Alisema kweli alikuwa na wasiwasi bure.

Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa kwenye cherehani na mshono ulikuwa umeshapinda hadi nje ya kitambaa. Machozi yalimtiririka, mkono mmoja umeshika shingo, pumzi inamjia kwa shida. Mtoto aligeuza shingo, kama alivyozoea tangu mdogo, akamtazama kwa makini sana, ili ajue ni kiasi gani alikuwa anampenda babu yake. Alipokwisha kuona, aliingia ndani kubadili sare.